Mgonjwa wa kiuno apewe mafunzo, si kitanda

Ukikaa nje ya zahanati yoyote ya Mbeere asubuhi ya siku ya soko, hutakosa kumwona mtu aliyeshika kiuno. Aghalabu atakuwa mama aliyeteka maji tangu alfajiri, mkulima aliyeinamia ndengu, kijana anayepakia mchanga kwenye malori, au mwalimu aliyesimama mbele ya ubao kwa miaka ishirini. Hapa Siakago maradhi haya yamezoeleka hata hayaitwi maradhi. Huitwa uzee, au huitwa kazi. Mwenye kuugua huvumilia mpaka ashindwe kuinuka, ndipo atafute msaada.

Msaada anaoupata ndio unaonitia wasiwasi. Majirani humwambia alale juu ya ubao kwa wiki mbili wala asiguse jembe. Muuza dawa humdunga sindano, na maumivu yakirejea humdunga nyingine. Hatimaye huambiwa hatapona mpaka apigwe picha mjini. Nawajua watu waliouza mbuzi ili wapigwe picha hiyo, wakarudi na bahasha kubwa na maumivu yale yale. Nashikilia kwamba njia hii inawafukarisha watu wetu bila kuwatibu, na kwamba tiba iliyo bora kuliko hiyo yaweza kutolewa katika zahanati ya karibu kwa gharama ndogo.

Tuanze na kitanda. Mwaka 1986 madaktari wa Marekani waliwalinganisha wagonjwa walioshauriwa kulala siku 2 na wengine walioshauriwa kulala siku 7. Waliolala siku nyingi hawakupona upesi zaidi. Walilokuwa nalo zaidi ni siku walizokosa kazini. Mwaka 1995 utafiti mwingine ulifanywa miongoni mwa wafanyakazi wa jiji la Helsinki, Ufini. Walioendelea na shughuli zao za kawaida, kwa kadiri maumivu yalivyowaruhusu, walipata nafuu mapema kuliko waliolazwa. Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kitanda cha mgonjwa wa kiuno nacho kina kunguni wake: misuli hulegea, viungo hukakamaa, hofu huongezeka, na shamba humea magugu.

Pili ni picha. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za migongo ya watu wasiokuwa na maumivu yoyote. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, watu 37 katika kila 100 walikuwa na gegedu zilizochakaa baina ya pingili. Miongoni mwa wenye miaka 80, walikuwa 96. Kwa hiyo uchakavu huo ni kama mvi. Huja na umri, wala si lazima uwe ndio unaouma. Lakini mkulima akishaambiwa kwamba pingili zake zimelika, hurudi nyumbani akiuogopa mgongo wake mwenyewe, na hofu hiyo humlemaza kuliko maumivu. Ukweli ni kwamba wagonjwa wapatao 90 katika 100 hawana kasoro mahususi inayoweza kutajwa kuwa chanzo, na wengi wao hupata nafuu kubwa katika majuma machache.

Hata hivyo, sisemi kwamba kila maumivu ya kiuno yapuuzwe. Kazi ya kwanza ya tabibu wa zahanati ni kuwatambua wale wachache wanaostahili kupelekwa hospitalini. Mgonjwa ambaye mguu wake umepoteza nguvu, aliyekufa ganzi sehemu za siri, au asiyeweza tena kuzuia au kutoa mkojo, asicheleweshwe hata siku moja. Vivyo hivyo aliyeanguka kutoka juu ya mti, mwenye homa, anayekonda bila sababu, au aliyewahi kuugua saratani. Nasi wafugaji wa mbuzi tuna jambo letu la kuangalia. Ugonjwa wa brusela, unaopatikana kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa au kwa kumzalisha mnyama mgonjwa, huweza kujificha katika mgongo. Kifua kikuu nacho hakiishii kifuani. Huweza kula pingili. Maswali haya yote huulizwa kwa mdomo na kupimwa kwa mkono. Hayahitaji mashine ya mamilioni, bali yahitaji tabibu mwenye dakika kumi na subira.

Kuhusu dawa, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mnamo Desemba 2023 juu ya maumivu sugu ya kiuno katika huduma za msingi. Mwongozo huo unatanguliza mafunzo kwa mgonjwa na mazoezi ya viungo. Unakubali pia kukandwa, msaada wa kisaikolojia, na dawa za kutuliza uvimbe kama ibuprofeni. Haupendekezi mikanda ya kiuno wala kuvutwa mgongo kwa mashine, na unakataa dawa za jamii ya afyuni kama tramadoli. Hata ibuprofeni si peremende. Ikitumiwa ovyo huleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Nayo parasetamoli, ambayo wengi wetu huimeza kwanza, ilipochunguzwa Australia mwaka 2014 haikuharakisha kupona kwa maumivu mapya ya kiuno kuliko kidonge kisicho na dawa. Mwaka 2024, nchini humo humo, watu waliokuwa wamepona walifundishwa kutembea kwa mpango, wakiongeza mwendo polepole. Kwa kawaida walikaa siku 208 kabla ya maumivu kurejea, ilhali wenzao wasiofundishwa walikaa siku 112.

Hapa msomaji ataniuliza, na ana haki ya kuuliza: huyo mama wa Mbeere atembee wapi tena, naye hushinda akitembea kutafuta maji? Swali hili ndilo linalonifanya niandike. Mwaka 1986 wanasayansi walichapisha utafiti kuhusu wanawake wa Kikuyu na Kijaluo hapa Kenya, wakaona kwamba waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzani wao bila kutumia nguvu za ziada. Ulimwengu ulistaajabu. Lakini mtungi wa lita 20 una kilo 20. Kwa mama mwenye kilo 60 hiyo ni thuluthi ya uzani wake, na wepesi wa kubeba si kinga ya kuumia. Tangu bwawa la Kindaruma lilipokamilika mwaka 1968, mto Tana umekuwa ukitoa umeme kandokando ya ardhi ya Mbeere, huku mitungi ikiendelea kupandishwa vilima kwa kamba ya paji la uso. Ushauri wa kutembea unamfaa mwalimu aketiye akisahihisha madaftari. Mteka maji anahitaji mtungi wa lita 10, mkokoteni au punda, na zaidi ya yote bomba lililo karibu. Bomba hilo lihesabiwe kuwa sehemu ya tiba.

Tuna vyombo vya kuanzia. Sheria ya Afya ya Msingi ilipitishwa mwaka 2023, na mwaka huo huo wahamasishaji wa afya wapatao 100,000 walizinduliwa nchini kote. Watu hawa hufika mlangoni. Wafundishwe dalili za hatari nilizozitaja, na wafundishwe kumwambia mgonjwa asiye nazo maneno haya: mgongo wako haujavunjika, endelea na kazi nyepesi, ongeza kidogo kila siku. Aidha, serikali ya kaunti ihakikishe kwamba mtaalamu wa tiba ya viungo anazitembelea zahanati za mbali kwa zamu, badala ya kumsubiri mgonjwa asiye na nauli.

Nanyi walimu wenzangu, tusijiweke kando. Wazazi wengi huulaumu mkoba wa shule kwa maumivu ya migongo ya watoto, lakini tafiti zilizokusanywa hadi mwaka 2018 hazikupata ushahidi wa kuridhisha kwamba mkoba ndio chanzo. Mtoto apunguziwe mzigo kwa kuwa ni haki yake kutembea kwa raha, ila asifundishwe kwamba mgongo ni kioo kinachosubiri kuvunjika. Vipindi vya michezo vinavyogeuzwa kuwa vya hesabu na virudishwe uwanjani. Wanafunzi nao wana kazi. Wao ndio wanaosoma vibandiko vya dawa nyumbani, na ndio wanaomsindikiza nyanya zahanatini. Mwanafunzi anayejua kwamba picha si dawa anaweza kuiokoa mbuzi ya ukoo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe ni ujinga wa jambo dogo linaloweza kufundishwa chini ya mwembe kwa nusu saa. Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 619 duniani waliishi na maumivu ya kiuno mwaka 2020, na kwamba huenda wakafika milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Hatuwezi kuwapiga picha wote, na hakuna haja. Tuwafunze, na tuwaletee maji.