Msimbo wa Kamina usife na kompyuta moja

Tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015, nchi yetu ya Kongo ina majimbo 26, Kinshasa ikiwamo, na Kamina ni makao makuu ya Haut-Lomami. Programu inayomtaka mkaaji wa hapa ajiandike bado kuwa mtu wa jimbo la Katanga imetengenezwa na mtu asiyekuwa na orodha mpya mkononi. Orodha yenyewe ni mistari 26. Akiiandika kijana mmoja vizuri, inawatosha wote. Kumbe kila mmoja anaiandika upya, kwa sababu ya mwenzake imefungiwa ndani ya kompyuta yake.

Hasara haiishii hapo. Kongo ina saa mbili: Kamina hufuata ya Lubumbashi, inayotangulia ya Kinshasa kwa saa moja. Atakayechagua Africa/Kinshasa badala ya Africa/Lubumbashi katika mipangilio, risiti ya saa nne asubuhi itatoka imeandikwa saa tatu. Namba zetu za simu huanza na sifuri. Jedwali la hesabu likiachiwa kuzisoma kama kiasi, sifuri hiyo hupotea, na anayetaka kuzigeuza ziwe za +243 hukuta nyingine zina tarakimu 10 na nyingine 9. Duka huuza kwa faranga na kwa dola siku hiyo hiyo. Kiasi kikihifadhiwa bila kutaja ni cha fedha gani na kwa kiwango cha siku gani, hesabu za jioni hazikubaliani. Kila tatizo kati ya haya lina dawa ya mistari michache.

Dunia ina maghala makubwa ya vipande vya msimbo. Stack Overflow na GitHub zilifunguliwa mwaka 2008, na kila anayejifunza kupanga orodha au kusoma faili atapata jibu huko. Lakini hatuwezi kuwangojea watu wa mbali watupangie maeneo ya jimbo letu, Bukama, Kabongo, Kamina, Kaniama na Malemba-Nkulu, katika menyu ya fomu. Hiyo ni kazi yetu.

Mega za intaneti ni ghali na umeme hukatika, tunakubali. Ila hicho si kizuizi. Git, aliyoitengeneza Linus Torvalds mwaka 2005, humpa kila mtu nakala kamili pamoja na historia ya mabadiliko yote, na hufanya kazi bila intaneti. Nakala hiyo huingia kwenye fleshi, ikapanda treni hadi Lubumbashi, ikarudi na nyongeza za wenzetu wa huko. Kwa programu ya Kiwix, hata Wikipedia na majibu ya Stack Overflow husomwa kompyuta ikiwa haina mtandao.

Wengine huficha kazi yao wakihofia kunyang'anywa wateja. Mteja hulipia programu iwekwe dukani, wafanyakazi wafundishwe, na mtu aje inapogoma. Hakuna anayelipia orodha ya majimbo.

Hata hivyo, kukusanya vipande vya msimbo bila maelezo ni kurundika takataka. Waluba wana lukasa, ubao wa kushikwa mkononi uliopangwa shanga na simbi, ambao watu wa chama cha Mbudye waliusomea habari za wafalme. Aliyefundishwa aliona historia. Asiyefundishwa aliona shanga. Mbudye walikuwa na sababu zao za kufunga maarifa hayo. Sisi hatuna sababu ya kuacha mistari isiyosomeka ila na mwenyewe. Kila kipande kiandikwe kinafanya nini, kimejaribiwa kwa toleo gani la lugha, kinashindwa wapi, na nani ameruhusu kitumike na kwa masharti gani. Maelezo yawe kwa Kifaransa au kwa Kiswahili, mradi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ayaelewe. Na nywila au namba za simu za wateja zisionekane humo kamwe.

Daftari la pamoja la vipande hivi linahitaji mlezi, na Chuo Kikuu cha Kamina ndicho mahali panapofaa. Kitenge kompyuta moja ya kuhifadhi nakala kuu, na mwalimu mmoja wa kupitia kila nyongeza kabla haijakubaliwa. Mwanafunzi anayetetea kazi yake ya mwisho kuhusu programu aweke msimbo wake humo pamoja na kitabu, sehemu za siri za wateja zikiwa zimeondolewa. Leo jopo likishatoa maksi, kinachobaki rafuni ni karatasi, na anayefuata huanzia sifuri. Sharti hilo moja, likiandikwa katika kanuni za utetezi, halitaki bajeti wala mfadhili. Linataka uamuzi wa chuo, na tunauomba kabla ya utetezi ujao.