Jinamizi na Zamu ya Usiku



Safari hii siandiki habari za mishahara. Naandika juu ya jambo ambalo wengi wetu limetupata, na wachache wamethubutu kulisema mbele ya wenzao: kukabwa na jinamizi.

Unaamka. Mlango unauona, nguo zilizotundikwa ukutani unaziona, lakini mkono hauinuki na sauti haitoki. Halafu unahisi kuna mtu chumbani. Anakuja, anakukalia kifuani. Unataka kumwita mwenzako aliyelala hatua mbili tu kutoka hapo, huwezi. Mara linakuachia, umelowa jasho.

Mimi lilinipata nikiwa kijana, nikifanya kazi katika kiwanda kimoja kule Gikondo, wakati viwanda vilipokuwa bado bondeni, kabla ya kuhamishiwa Masoro. Wiki hii zamu ya mchana, wiki ijayo ya usiku, na mara nyingi tuliambiwa tuunganishe zote mbili kwa sababu fulani hakufika. Nilipanga chumba Biryogo kwa bibi mmoja mzee. Nililala saa nne asubuhi, redio za majirani zikiimba na watoto wakipiga mpira ukutani. Katika mwezi mmoja jinamizi lilikuja mara tatu, na mara ya tatu nilimwona mwanamke mzee amesimama miguuni pangu.

Nikaenda kwa mganga. Nikaacha kwake mshahara wa nusu mwezi, nikarudi na hirizi pamoja na jina la adui. Adui alikuwa yule bibi, ambaye kila nikitoka zamu alikuwa ameniwekea chai kwenye chupa. Nikahama bila kumuaga. Huko Nyamirambo nilikohamia jinamizi likanifuata, maana nilihama nyumba, zamu sikuihama. Nilipokuja kufahamu ukweli, bibi alikuwa amekwisha kufa.

Msidhani ni ujinga wa mtu mmoja. Mwaka 1995, kule Pemba na Unguja, watu walishikwa na hofu ya Popobawa, shetani aliyesemekana kuwakaba watu vitandani. Jamaa nzima zililala nje, zikikaa pamoja kuzunguka moto. Mjini Unguja umati ulimwua mtu mwenye ugonjwa wa akili, wakidhani ndiye. Wachunguzi walioyachambua masimulizi ya waliokabwa waliona yanafanana sana na jinamizi hili hili ninaloeleza: kuamka, kushindwa kujigeuza, uzito kifuani, kiumbe chumbani. Wajapani nao wana jina lake, kanashibari. Shetani mmoja hawezi kuwa na kazi katika nchi zote hizo.

Sasa ukweli wenyewe. Usingizi una hatua zake. Ipo hatua ambayo macho hucheza chini ya kope, na ndiyo ya ndoto nyingi. Wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, waliitangaza mwaka 1953. Katika hatua hiyo ubongo huifunga misuli ya mwili ili mtu asiinuke kupigana na ndoto yake. Macho hubaki huru, na msuli mkubwa wa kupumulia ulio chini ya mapafu huendelea na kazi. Kwa kawaida akili na mwili hufunguliwa pamoja. Siku nyingine akili huamka kabla kufuli halijafunguliwa, na ndoto haijakwisha. Ndipo unaona chumba cha kweli na mtu wa ndoto ndani yake. Unajaribu kuvuta pumzi kubwa, misuli ya kifua haitii, unadhani umekaliwa. Na kwa kuwa sehemu ya ubongo inayolinda hatari imewaka, huyo mtu huonekana adui. Huchukua nukta chache au dakika chache, na hakuui.

Kwa nini hutupata sana sisi? Kwa sababu linapenda usingizi uliokatwakatwa. Mtu anayelala kwa utaratibu hufika kwenye ndoto baada ya kama dakika 90. Anayebadilishiwa zamu kila wiki, mwenye deni la usingizi, anaweza kuingia ndotoni mara tu anapofumba macho, na hapo ndipo kufuli na akili hupishana. Wenzetu wa viwanda vya chai wanajua: jani likichumwa halingoji, na msimu ukipamba moto mitambo hukesha, na watu pia.

Sisemi kila jinamizi limeletwa na tajiri. Mwanafunzi hulipata, na huenda tajiri mwenyewe pia. Wapo pia wenzetu waliobeba ya mwaka 1994. Mtu aliyepatwa na mambo makubwa hukabwa zaidi kuliko wengine, na kinachomjia kifuani kinaweza kuwa na sura anayoijua. Huyo asichekwe, wala asiambiwe ni zamu tu. Asindikizwe kituo cha afya akaeleze. Ugonjwa wa moyo uliojeruhiwa una matibabu. Vivyo hivyo anayesinzia ghafla mchana, katikati ya maneno au kazi, aonwe na daktari.

Lakini zamu ni jambo la chama, na hapa nakilaumu chama chetu na mimi mwenyewe nikiwemo. Tumebishana miaka mingi juu ya malipo ya saa za ziada, tukasahau kuuliza mtu analala saa ngapi. Hata wanachama wetu huja kuomba zamu mbili mfululizo kwa ajili ya karo za watoto, nasi tunanyamaza. Mkataba Namba 171 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1990, unasema mfanyakazi wa usiku akiomba, apimwe afya bila malipo kabla ya kuanza na baadaye kwa vipindi. Tuanze na hilo. Tudai pia ratiba itangazwe mapema, zamu zisigeuzwe ovyo kwa amri ya kapita, na asiyefika atafutiwe mtu aliyepumzika.

Likikujia kabla hayo hayajapatikana, usipigane nalo. Chezesha kidole kimoja cha mguu, au macho, mwili utafuata. Lala ubavu, maana hupenda aliyelala chali. Funika dirisha kwa kitambaa kizito mchana. Wala usitafute jina la jirani.

Kuanzia mwezi huu kamati za matawi zitapokea taarifa. Andika kwenye daftari siku, saa uliyotoka zamu, saa uliyolala, na kama ulikabwa. Jina lako si lazima. Asiyejua kuandika aje aniambie, nitamwandikia.