Mtungi Usigawiwe Bila Elimu

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa Tanzania, uliozinduliwa mwaka 2024, umelenga kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati hiyo. Kwa mapafu ya mama na mtoto waliozoea moshi wa kuni, hiyo ni neema. Hata hivyo, kumpa mtu mtungi wa gesi bila kumfundisha kuutunza ni kumwondolea kikohozi na kumwachia hatari ya kuungua.

Gesi hii ni nzito kuliko hewa; ikivuja hutuama sakafuni ikingoja cheche. Kwa hiyo mtungi usimame wima penye hewa ya kutosha, wala usilazwe uvunguni mwa kitanda. Mpira na maungio yake vipakwe maji ya sabuni: mapovu yakifumuka, mtungi ufungwe mara moja. Kiberiti kamwe kisitumike kutafuta uvujaji.

Mpira uliochakaa ukatwe vipande kabla ya kutupwa, asije mwingine akauokota na kuutumia. Mtungi ulioisha nao hubaki na masalia ya gesi. Usiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wala kutupwa jalalani, bali urudishwe kwa wakala.

Mzigo huu usiachiwe mpishi peke yake. Wakala anayeuza gesi na aukague mpira wa mteja, apokee uliochakaa na kuuteketeza kwa usalama. Kubadili mpira ni kazi ya dakika chache. Kuuguza kidonda cha moto ni kazi ya miezi.