Wanazuoni na Kamusi Elezo ya Mtandao

Liko katazo ambalo mwanafunzi wa chuo kikuu hulisikia mapema, na hulisikia tena kila apewapo kazi ya kuandika: asiitaje Wikipedia miongoni mwa marejeo yake. Katazo hilo si baya lenyewe. Kamusi elezo yo yote, ya karatasi au ya mtandao, ni mlango wa nyumba, na mtafuta elimu hafanyi makazi mlangoni. Lakini wenzangu wengi wamezoea kuishia hapo, kana kwamba mtu akishakataza amekwisha kufundisha. Mimi nasema hawajafundisha. Tena nasema kuwa ubovu wa kurasa wanazozilaumu watokana kwa sehemu kubwa na mikono yao waliyoikunja.

Kwanza, katazo halitiiwi. Mwanafunzi husoma, kisha huficha alikosoma. Na yuko mwingine ambaye katazo halimfikii kabisa, naye ni mwanafunzi wa sekondari wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza akayakuta masomo yamegeuka Kiingereza. Jambo alilolikariri darasani bila kulielewa hulitafuta jioni katika simu, kwa lugha aijuayo. Atakachokikuta humo ndicho kitakachokuwa elimu yake, wala hatakuwapo mhadhiri wa kumnong'oneza kwamba ukurasa ule hauaminiki.

Hukuta nini? Wikipedia ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 2003, na leo ina makala makumi ya maelfu. Ziko nzuri, zilizoandikwa na watu wachache wenye subira ambao hawalipwi hata senti, nami nawavulia kofia. Lakini nyingi ni fupi mno. Kurasa za kata za Tanzania, kwa mfano, kwa kawaida husema jina la kata, wilaya yake, mkoa wake na idadi ya watu waliohesabiwa katika sensa, basi. Makala fupi za namna hii wahariri huziita mbegu, na msomaji hualikwa aiongezee habari. Jina ni zuri. Ila mbegu iliyokaa ghalani miaka kumi, mkulima huiita jina jingine.

Wapo wanaojifariji kwa hesabu: makala zimeongezeka, lugha imepanda daraja. Na watazame Wikipedia ya Kicebuano, lugha ya Ufilipino, yenye makala zaidi ya milioni sita, karibu zote zikiwa zimetungwa na programu ya kompyuta ya mtu mmoja wa Uswidi. Au watazame Kiskoti. Mwaka 2020 ilijulikana kwamba maelfu ya makala za Wikipedia ya lugha hiyo yaliandikwa na kijana wa Marekani asiyeijua, aliyekuwa akipinda tahajia za Kiingereza na kuziita Kiskoti. Hakuwa na nia mbaya. Swali ni hili: kwa miaka yote hiyo wajuzi wa Kiskoti walikuwa wapi? Kiwanja kisicho na mwenyewe hujengwa na apitaye. Na siku hizi hatari imezidi, kwa kuwa programu za kompyuta ziandikazo zenyewe hujifunza lugha kutokana na kurasa hizi hizi, zikayatapakaza makosa yaliyomo.

Basi makala bora ni ipi? Chukua Vita vya Majimaji. Haitoshi kuandika kwamba vilipiganwa 1905 hadi 1907 na kwamba watu waliamini maji. Mwanafunzi ahitaji kuonyeshwa pamba ya kulazimishwa, na miche yake iliyong'olewa Nandete, katika Umatumbi, mwezi wa Julai 1905. Ahitaji kuambiwa kuwa hesabu ya waliokufa ina ubishi: serikali ya Kijerumani ilitaja watu 75,000, ambapo mwanahistoria G. C. K. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa iliyofuata kuchomwa kwa mashamba na vyakula. Tena ahitaji kutenganishiwa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani Agosti 1905, na Kinjeketile wa tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969. Wanafunzi huwachanganya wawili hao, wakamtia mtu wa historia maneno aliyoyabuni mtunzi. Ni nani awezaye kuitengeneza makala hiyo kama si sisi? Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo cha Dar es Salaam, kilichokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walikwenda vijijini wakakusanya masimulizi ya wazee kuhusu vita hivyo. Walikwenda kwa miguu yao. Wajukuu wao wa masomo wana mtandao viganjani, na tunawaambia wasiuguse.

Hujibiwa kwamba makala ya mtandao yaweza kuharibiwa na ye yote. Ni kweli, lakini kila badiliko huhifadhiwa, na lililoharibiwa hurudishwa. Mwaka 2005 jarida la Nature lililinganisha jozi 42 za makala za sayansi, likakuta wastani wa makosa manne katika Wikipedia ya Kiingereza na matatu katika Britannica. Wenye Britannica walikasirika. Hata hivyo kurasa zile hazikufikia hapo kwa miujiza. Wenye elimu waliziingia wakazihariri.

Kizuizi hasa ni cheo. Mhadhiri hupandishwa daraja kwa makala ya jarida litakalosomwa na watu ishirini, wala hapati alama hata moja kwa ukurasa utakaosomwa na shule nzima. Idara zikitaka, mambo hayo yaweza kubadilika muhula ujao. Kila mwanafunzi wa mwaka wa pili na apewe makala moja iliyo mbegu, si kuitafsiri kwa mashine, bali kuisahihisha kwa vitabu vya maktaba, kila dai likiwa na marejeo yake. Mwalimu aisome na kuitia alama kabla haijatolewa, na kazi hiyo ya mwalimu ihesabiwe katika faili lake. Kwa Majimaji, mahali pa kuanzia ni karatasi zile za 1968.