Lipia msimu wa mpira, usilipie mwaka mzima

Ukurasa huu kwa kawaida hupima bei za mahindi, mchele, saruji na dola. Wiki hii tunapima bidhaa moja ambayo wafanyabiashara wengi huinunua kila mwezi bila kuipigia hesabu, nayo ni kifurushi cha televisheni ya kulipia. Mtu anayebishana nusu saa kwa ajili ya shilingi 500 katika gunia la vitunguu, jioni hiyohiyo hutuma maelfu kwa simu ili picha irudi, wala hajui mwezi uliopita aliangalia kwa saa ngapi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuchukue kifurushi cha shilingi 35,000 kwa mwezi, kwa mfano tu. Msomaji aweke bei ya kwake. Mwenye duka anayeondoka nyumbani alfajiri na kurudi saa 3 usiku hana anachoangalia siku za kazi isipokuwa taarifa ya habari, na hiyo ni ya bure. Kilichobaki ni mpira wa Jumamosi na Jumapili. Mechi 2 kwa wiki ni mechi 8 kwa mwezi, na 35,000 ukiigawa kwa 8 unapata shilingi 4,375 kwa kila mechi. Katika kibanda umiza, hata tukisema kiingilio ni shilingi 1,000, mechi hizo zote ni shilingi 8,000, na kelele za mashabiki ni nyongeza. Kwa mtu huyu king'amuzi ni ghali, hata kama anakipenda kiasi gani.

Chukua sasa nyumba ya pili yenye kifurushi kilekile. Mama mwenye nyumba na watoto wanafuatilia tamthilia kwa saa 2 kila usiku. Hizo ni saa 60 kwa mwezi, yaani kama shilingi 583 kwa saa. Wakikaa watu 5 sebuleni, kila mmoja amekula shilingi 117 hivi. Hakuna burudani ya bei hiyo mjini. Soda moja inaizidi. Kwa hiyo anayedai kuwa televisheni ya kulipia imepitwa na wakati, na anayedai kuwa haina mbadala, kila mmoja anazungumzia nyumba yake. Jibu liko katika daftari. Andika kwa mwezi mmoja nani aliangalia nini na kwa muda gani, kama unavyoandika madeni ya wateja, na ufanye hivyo kabla ya kulipia mwezi unaofuata.

Ni vizuri pia kujua kinachouzwa hasa. Tamthilia peke yake haiwezi kumfunga mteja, kwa kuwa huja hata bure: wasomaji watakumbuka tamthilia ya Kichina ya Doudou, iliyotiwa sauti za Kiswahili na kurushwa na TBC mwaka 2011. Kilichofungiwa kwa kufuli ni mpira. Mei 2021 Azam Media ilitia saini mkataba wa miaka 10 na Shirikisho la Soka Tanzania kwa ajili ya kuonyesha Ligi Kuu ya nyumbani, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Ligi Kuu ya England nayo kwa miaka mingi imekuwa mali ya SuperSport, chaneli za DStv. Shabiki wa Simba au Yanga ambaye pia hawezi kulala bila kuiona Arsenal hujikuta na ving'amuzi viwili juu ya meza moja na malipo mawili kila mwezi. Hapo ndipo fedha za nyumba zinapovujia. Achague moja alipie nyumbani, na nyingine aifuate kibandani siku ya mechi kubwa tu.

Kama bidhaa ni mpira, basi ina msimu wake kama korosho. Ligi huanza Agosti na kwa kawaida huishia Mei au Juni. Hakuna mnunuzi anayelipia ghala tupu kwa miezi ambayo korosho haijaanguka, lakini wapo wengi wanaolipia kifurushi kikubwa Juni na Julai ili waangalie marudio ya mechi walizokwisha kuziona. Kwa mfano wetu, miezi hiyo 2 ni shilingi 70,000. Ni kweli kuna miaka ya Kombe la Dunia, na huo ni uamuzi wa kila mtu na furaha yake. Mwaka wa kawaida, kishushe kifurushi hadi kile cha chini kabisa au kizime, na chaneli za ndani zinazopatikana kwa antena bila malipo ya mwezi zitatosha kwa habari.

Kuna wanaoshawishika kulipia miezi mingi kwa mkupuo ili wapate punguzo. Punguzo ni zuri, lakini anayelipa mapema ni mtu aliyekopesha kampuni bila dhamana. Mwaka 2007 kampuni ya GTV iliingia Afrika kwa kishindo, ikiwa imenunua sehemu kubwa ya haki za kuonyesha Ligi Kuu ya England, na bei zake zilikuwa za kuvutia. Tarehe 30 Januari 2009, katikati ya msimu, ilifunga shughuli zake, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba mtaji ulikosekana kutokana na msukosuko wa fedha duniani. Waliolipa mapema walibaki na risiti, na vile ving'amuzi havikuweza kufungua matangazo ya kampuni nyingine. Mawakala waliokuwa wamejaza maduka waliumia zaidi ya wateja.

Hata kampuni isipokufa, haki inaweza kuhama. Kabla ya fainali za AFCON zilizochezwa Ivory Coast Januari na Februari 2024, SuperSport ilitangaza kuwa haitaonyesha mashindano hayo, kisha ikapata makubaliano na mwenye haki, New World TV ya Togo, siku chache kabla ya kuanza. Safari hiyo mambo yalikwenda salama. Lakini fainali za 2027 zilipewa Kenya, Uganda na Tanzania Septemba 2023, na kadiri siku zinavyosogea tutaona matangazo mengi ya kuuza vifaa kwa jina la AFCON. Kabla ya kutoa fedha, muulize muuzaji ni nani mwenye haki, naye akuonyeshe kwa maandishi.

Vijana watasema haya yote ni ya kizamani, simu janja inatosha. Wana sehemu ya ukweli, ila intaneti nayo ina mita. Picha ya ubora wa kawaida hula takriban GB 1 kwa saa, na ile safi yenye HD hufika GB 3. Mechi pamoja na mapumziko ni saa 2, kwa hiyo mechi 8 kwa mwezi zinahitaji GB 16 hadi 48, mbali na ada ya programu yenyewe. Zidisha kwa bei ya bando lako ndipo uamue. Anayelipia faiba ya bei moja kwa mwezi, na watoto wanaitumia kwa masomo, huyo anaweza kuachana na dishi kabisa. Anayenunua bando la siku kwa siku atalipa zaidi ya mwenye king'amuzi, tena picha itakwama mpira ukiwa kwenye sita.

Kuhusu bei, tusitegemee zishuke zenyewe. Haki za mpira wa Ulaya hununuliwa kwa fedha za kigeni, na malipo ya mteja hukusanywa kwa shilingi, naira au kwacha. Sarafu ya nyumbani ikiyumba, mteja ndiye anayeombwa kujaza pengo. Nigeria imeliona hilo tangu naira ilipoporomoka Juni 2023: bei za DStv zilipandishwa zaidi ya mara moja, na wateja wakapungua. MultiChoice, mwenye DStv, ilimaliza mwaka wake wa fedha Machi 2025 ikiwa na wateja milioni 14.5, pungufu kwa milioni 1.2 ndani ya mwaka mmoja. Septemba mwaka huohuo Canal+ ya Ufaransa iliishika kampuni hiyo kwa bei ya randi 125 kwa hisa. Aliyekuwa na hisa hizo huenda hakununa. Mteja wa kawaida atazame upande mwingine wa habari hiyo: kampuni inayopoteza wateja husikiliza zaidi anayetishia kuondoka kuliko anayelipa kimya kimya.

Wenye saluni, baa na migahawa wasichanganye hesabu hizi na za kwao. Kwao televisheni ni chombo cha kazi, kama feni au friji, na faida yake hupimwa kwa soda na sahani zilizoongezeka siku ya mechi. Wakumbuke pia kuwa kifurushi cha nyumbani kimetolewa kwa matumizi ya nyumbani. Kukitumia kuonyesha umma ni kukaribisha kesi, na kampuni zina vifurushi vya biashara kwa kazi hiyo.

Kwa mawakala, biashara ya kulipia wateja vifurushi imekonda tangu kila mtu aanze kulipa mwenyewe kwa simu. Kilichobaki chenye faida ni kuuza vifaa na kufunga dishi, na wateja wa kazi hiyo hujaa wiki za mwanzo wa ligi. Anayetaka kuweka shehena aagize Julai, kwa idadi anayoweza kuimaliza kufikia Oktoba, na asiweke mtaji wote kwa kampuni moja.