Friji Yako Haijaishiwa Gesi

NYUMBA NA FUNDI
Na Gaudensia Sikazwe

Migebuka sita kutoka Kirando iliniozea Julai ya mwaka jana, na iliniozea ndani ya friji iliyokuwa imewashwa. Taa ya ndani ilikuwa inawaka. Maziwa ya chini yalikuwa ya baridi, siagi ilikuwa ngumu. Juu, kwenye friza, nilikuta maji mekundu yametuama na harufu ambayo sitaisahau. Usiku huo tulilala na mablanketi mawili kila mtu, na friza yangu ilikuwa inayeyuka.

Nilimwita fundi. Alifungua mlango, akagusa ukuta wa friza kwa kiganja, akasema, "Mama, gesi imekwisha." Hakupima kitu. Akatoboa bomba, akafunga vali, akajaza gesi, akapokea pesa yake, akaenda. Siku ya tatu nyama ikalainika tena. Nikampigia, akaja akaongeza nyingine. Agosti ikaingia, jua likapata nguvu, friza ikashika barafu kama zamani, nami nikamshukuru sana. Hata majirani zangu wa Izia niliwaambia kwamba fundi ni yule.

Nilimshukuru kwa kazi iliyofanywa na majira.

Ukweli niliujua baadaye, kutoka kwa kijana aliyekuja kwangu kurekebisha soketi. Aliiona friji imesimama sebuleni karibu na dirisha, akaniuliza swali ambalo hakuna fundi aliyewahi kuniuliza: "Mama, humu ndani usiku kunakuwaje?" Nikamjibu kwamba kunakuwa na baridi, kama kote Sumbawanga mwezi wa sita na wa saba. Akainama, akamulika kwa simu kibandiko kilichoko ndani ya friji, akanionyesha herufi moja: T.

Herufi hiyo nataka kila nyumba ya huku kwetu Ufipa iijue. Viwanda vya friji huandika kwenye kibandiko hali ya hewa ambayo chombo kimetengenezewa. SN ni kwa chumba chenye joto la nyuzi 10 hadi 32. N ni 16 hadi 32. ST ni 16 hadi 38. T ni 16 hadi 43. Friji yenye T peke yake imetengenezwa kuvumilia joto kali kuliko zote, na ndiyo maana ni ya kawaida sana katika nchi yetu. Lakini tazama namba ya kwanza: 16. Chini ya hapo, kiwanda hakikuahidi kitu. Sisi tuko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,800 kutoka usawa wa bahari, na sebule yangu alfajiri ya Julai ilikuwa na nyuzi 11. Nilipima mwenyewe.

Kinachotokea ni hiki. Friji nyingi za milango miwili za bei ya wastani zina kompresa moja na themostati moja, na hiyo themostati imewekwa chumba cha chini, penye mboga na maziwa. Yenyewe ndiyo inayoamua kompresa iwake lini. Chumba cha chini kikipata joto, inaiwasha, kikipoa, inaizima. Friza ya juu haiulizwi. Inapata baridi yake pale tu kompresa inapowaka kwa ajili ya chini. Dar es Salaam, chumba cha chini hupata joto upesi, kompresa inawaka mara kwa mara, na friza inashiba. Kwetu, katika usiku wa nyuzi 11, chumba cha chini kinachotaka nyuzi 4 au 5 karibu kinapozwa na sebule yenyewe. Themostati inaridhika. Kompresa inanyamaza saa nyingi, na friza inayotakiwa kuwa nyuzi 18 chini ya sifuri inapanda polepole hadi nyama inatoa maji.

Kwa hiyo gesi haikuwa imekwisha. Gesi ya friji si mafuta ya pikipiki. Haichomwi wala hailiwi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na inaweza kuzunguka humo miaka ishirini bila kupungua. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na kuongeza bila kutafuta tundu ni kumwaga pesa kwenye pipa lililotoboka. Kwangu mimi tundu halikuwepo mpaka fundi alipolitoboa mwenyewe ili afunge vali yake. Vali za namna ile nazo huja kuvuja. Na gesi ikizidi kipimo, kompresa inabeba mzigo ambao haikupewa kuubeba, ikafa baadaye, pengine Oktoba, na hapo hakuna anayekumbuka kilichofanyika Julai.

Hebu fikiri ni nyumba ngapi kuanzia Laela hadi Namanyere zimelipia gesi mwezi wa saba na kusifu kazi mwezi wa nane. Sisemi mafundi wetu ni wezi. Yule wa kwangu aliamini alichosema, kwa sababu kila mwaka alijaza gesi wakati wa baridi, na kila mwaka friji zilipona baridi ilipoondoka. Mtu akipata ushahidi wa namna hiyo miaka kumi mfululizo, ataacha vipi kuamini? Ndiyo sababu nasema ufundi usiotumia kipimo ni hatari hata kwa fundi mwaminifu.

Tofauti ya magonjwa haya mawili inaonekana kwa macho na masikio, bila chombo chochote. Friji inayovuja gesi, kompresa yake haipumziki: inanguruma mchana na usiku, nyavu za nyuma hazipati joto, na barafu inashika kipande kidogo tu cha ukuta wa friza. Mara nyingi utaona pia doa la mafuta kwenye kiungo cha bomba. Friji iliyozidiwa na baridi ya chumba ni kinyume chake. Iko kimya. Chini kuna baridi nzuri, juu kunayeyuka. Ukisikia ukimya huo mwezi wa sita, usimpigie fundi. Isogeze friji mahali penye joto zaidi, jikoni kwa mfano, ila si ubavuni mwa jiko lenyewe, na uizungushe themostati kwenda namba ya juu ili kompresa iwake mara nyingi zaidi. Anayeuza samaki au nyama anunue friza ya kulala, ile ya kifuniko cha juu. Themostati yake inapima friza yenyewe, kwa hiyo baridi ya nje haiidanganyi.

Wenye maduka ya vyombo vya umeme hapa mjini nawaomba jambo dogo kabisa. Kabla ya kumwambia mteja bei na rangi, someni kibandiko. Mteja akitoka Muze au Mtowisa, kule bondeni kwenye Ziwa Rukwa, au Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika, mpeni T bila wasiwasi. Kwao joto ndilo adui. Akitoka huku juu kwenye baridi, Chanji au Matai, mtafutieni yenye SN, au ile inayoandikwa SN-T, inayobeba kuanzia nyuzi 10 hadi 43. Zipo. Mkoa wetu mmoja una hali za hewa mbili zinazotenganishwa na mteremko wa saa chache kwa gari, na duka linalouza friji moja kwa wote linauza nusu ya haki.

Gesi yenyewe pia inahitaji heshima. Soma kwenye kompresa: kama imeandikwa R600a, hiyo inashika moto. Ndani yake kuna gramu chache tu, mara nyingi hazifiki 100, lakini fundi akiwasha moto wa kulehemu kabla ya kuitoa na kupitisha hewa, mnaweza kuungua wote. Ikiwa ni R134a, haiungui kirahisi, ila ikiachiwa hewani inapasha dunia joto kuliko hewa ya ukaa mara zaidi ya elfu moja. Ni miongoni mwa gesi ambazo nchi zilikubaliana kuzipunguza pale Kigali, Oktoba 2016. Gesi hizi mbili hazibadilishani. Fundi anayeingiza ya pili penye ya kwanza mwambie asimame. Na anayekuja na mtungi wa gesi ya kupikia ili ajaze friji, mtoe nyumbani kwako.

Yako maradhi mengine ya friji ambayo ni ya kwetu hasa, na kubwa ni umeme mdogo. Kwa miaka mingi mji huu uliishi kwa umeme unaotoka Zambia kupitia Mbala na kwa jenereta za dizeli za TANESCO, kwa sababu gridi ya Taifa ilikuwa mbali nasi. Njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga ilipangwa ili kuumaliza upweke huo. Lakini hata umeme mzuri ukifika kwenye nguzo, kuna safari ya kutoka nguzo hadi soketi yako. Waya mwembamba uliovutwa mbali, ekstensheni iliyounganishwa na ekstensheni nyingine, birika na pasi kwenye laini moja: volti 230 zinafika zikiwa 170. Kompresa hapo inaguna, inatoa mlio wa "tik", inanyamaza, dakika chache inaguna tena. Huo ni mlio wa mota inayoshindwa kuanza, na kila jaribio linaichoma kidogo. Fundi aje na mita, aichomeke kwenye soketi hiyo hiyo wakati birika linachemka, ndipo aseme. Friji gadi inayokata umeme ukishuka na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kuurudisha ina thamani kuliko kompresa mpya. Na radi zikianza Novemba, chomoa waya ukutani. Kuzima swichi pekee hakutoshi.

Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, maswali ninayoulizwa hugeuka. Watu waliokuwa wanatetemeka Julai wanauliza bei ya feni, na wawili wameniuliza hata habari za kiyoyozi. Kiyoyozi, Sumbawanga! Nyumba zinazolalamika karibu zote ni zile zile: tofali la kuchoma, bati, silingi iliyofungwa kila upande, na hakuna tundu hata moja chini ya paa. Bati linapikwa na jua tangu asubuhi, hewa ya juu ya silingi haina pa kutokea, na joto linashuka vyumbani hadi usiku.

Wazee wa Ufipa walijua hewa moto inataka nini. Matanuri yao ya kuyeyushia chuma, yale marefu yaliyoitwa ilungu, yalisimama juu kumzidi mtu, yakiwa na matundu chini kuzunguka. Hakuna aliyeyapulizia kwa mivuo. Mivuo ilitumika kwenye tanuri dogo, kintengwe, la hatua iliyofuata. Katika ilungu hewa iliyopata moto ilipanda na kutoka juu, na ilivyotoka ilivuta nyingine mpya kuingia chini. Urefu na matundu vilitosha kufanya kazi hiyo. Paa lako linataka kitu hicho hicho: tundu lenye wavu kwenye kila pembetatu ya ukuta chini ya bati, na madirisha mawili yanayotazamana yafunguliwe jioni. Fundi mwashi anayatoboa kwa siku moja. Bati likipakwa rangi nyeupe, nafuu inaongezeka.

Nakuombeni, matundu hayo msiyazibe matambara baridi ikirudi. Kila Juni kuna watu wanaoingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga madirisha na kulala. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha unatoa sumu isiyo na harufu wala moshi, kaboni monoksaidi. Inakaa ndani ya damu mahali pa oksijeni. Kichwa kinauma, mtu anasikia kichefuchefu na uchovu, anadhani ni usingizi. Mtoto hulala na haamki. Ukiwasha mkaa, uwashie nje. Ukitaka joto ndani, ongeza blanketi, au lala na chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri. Sina ushauri mwingine katika safu hii ninaotaka ushikwe kama huu.

Swali moja la mwisho nimelipata kutoka Katandala: mama amebadilisha mtungi wa gesi na jiko, maharage bado hayaivi upesi kama alipokuwa Tanga. Jiko lako ni zima, mama. Katika mwinuko wetu maji yanachemka yakiwa na nyuzi 94 hivi, si 100, na hata ukiongeza moto namna gani hayatazidi hapo. Loweka usiku kucha, au tumia sufuria ya presha.

Mwaka huu friji yangu nimeihamishia jikoni, ukuta wa pili kutoka kwenye jiko. Yule kijana wa soketi alinifundisha pia kugandisha kikombe cha maji kwenye friza na kuweka sarafu ya shilingi mia juu ya barafu. Barafu ikiyeyuka usiku, hata ikiganda tena kabla hujaamka, sarafu utaikuta imezama. Mjukuu wangu ndiye anayefungua kuitazama kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Leo ni siku ya kumi na tisa ya Julai. Bado iko juu.