Digadi la Katangi na Lugha ya Sheria

Katika mji mdogo wa Katangi, eneo la Yatta, Kaunti ya Machakos, nilishuhudia hivi majuzi jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka halistahili kuandikiwa makala. Chini ya mgunga, mwenye gari la zamani la kupitia njia mbovu na fundi wake walikuwa wameyavua magurudumu ya mbele, wakachora mstari wa chaki juu ya madigadi yote mawili, kisha wakaanza kuyakata kwa msumeno wa umeme. Cheche ziliruka. Watoto wa shule waliokuwa wakirejea nyumbani walisimama kutazama, na mmoja wao akauliza kwa Kikamba sababu ya mzee kuliharibu gari lake mwenyewe. Fundi alijibu kwa lugha hiyo hiyo, bila kuinua kichwa, kwamba haliharibu bali analipa gurudumu nafasi ya kuzunguka.

Jibu hilo lilikuwa sahihi kabisa. Hata hivyo, lilikuwa nusu tu ya jibu, na nusu iliyokosekana ndiyo inayonifanya niandike.

Anayezijua njia za Yatta hatashangaa kuona digadi likikatwa. Ni nchi kame yenye misimu miwili ya mvua, ile ya Machi hadi Mei na ile ya Oktoba hadi Desemba. Mvua inaponyesha, huja kwa kishindo, ikachimba makorongo katikati ya njia na kuyajaza mchanga mabonde ya mito ya msimu. Mwenye gari asiyetaka kukwama hununua tairi kubwa kuliko zile ambazo gari liliundiwa. Lakini tairi hizo hudai malipo yake. Dereva anapokata kona huku springi zimebonyea, ukingo wa digadi huikwaruza tairi, na mwishowe huipasua. Basi ama tairi ipunguzwe, ama gari liinuliwe, ama digadi likatwe. La tatu ndilo rahisi zaidi kwa mtu wa kawaida.

Nilivutiwa na utaratibu wa fundi yule. Kwanza alilitenga betri, akahakikisha hakuna waya wala bomba la breki lililopita nyuma ya bati. Kabla ya kuvua magurudumu alikuwa amezungusha usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, huku gurudumu moja likiwa juu ya jiwe kubwa ili springi ya upande ule ibonyee kama itakavyobonyea njiani. Hapo ndipo alipochora mstari. Alikata kidogo kidogo, akarudisha gurudumu, akapima tena, kwa maana bati lililokwisha kukatwa halirudi. Palipowezekana hakukata, bali alipasua ukingo vipande vidogo akaukunjia ndani. Mwisho alipiga tupa makali yote, akapaka rangi ya kuzuia kutu. Mtu huyu hakusoma somo hili katika darasa lolote. Alijifunza kwa macho, kama wachongaji wa Wamunyu, si mbali na hapo, ambao sanaa yao inatokana na Mutisya Munge, aliyejifunza kuchonga huko Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia na kurudi nayo kwao.

Lakini jicho hufundisha kinachoonekana tu. Nilipomuuliza kama mwendo unaoonyeshwa na mshale wa kupimia kasi utaendelea kuwa wa kweli, alinitazama kwa mshangao. Hesabu yenyewe ni ya darasa la msingi. Tuseme tairi ya awali ina kipenyo cha sentimita 70. Mzingo wake ni takribani sentimita 220. Tairi mpya ina kipenyo cha sentimita 77. Mzingo wake ni sentimita 242. Kila mzunguko mmoja, gari husonga mbele asilimia 10 zaidi, ilhali mshale haujui kwamba tairi imebadilishwa. Ukisoma kilomita 80 kwa saa, kwa hakika unakwenda 88. Na kwa kuwa nguvu ya mwendo huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi, breki zile zile zinatakiwa kuizima nguvu iliyozidi kwa asilimia 21. Dereva anadhani anaendesha kwa hadhari. Mtoto anayevuka barabara ndiye anayepunjwa zile mita za kusimamia.

Kuna la pili. Digadi halikuwekwa kwa ajili ya urembo. Kazi yake ni kuzuia tope, maji na mawe yanayorushwa na gurudumu. Tairi inayotokeza nje ya digadi lililokatwa hurusha kokoto kama kombeo, na wanaotembea kando ya njia za Katangi ni wanafunzi, akina mama wenye mitungi na waendesha baiskeli. Dawa yake ni nyepesi: ukanda wa mpira unaofungwa pembeni mwa digadi ili kuifunika tairi upya. Hata kipande cha tairi kuukuu kingefaa. Fundi hakuuweka kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba unahitajika.

Hapo ndipo tunapofika kwenye sheria. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403 ya Sheria za Kenya, inataka gari na sehemu zake zote ziwe katika hali isiyoweza kuwahatarisha watumiaji wengine wa barabara. Ni sheria ya busara. Lakini imeandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili, ambacho hata mhitimu wa chuo kikuu hukisoma mara mbili. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inatangaza kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ndizo lugha rasmi. Zaidi ya mwongo mmoja umepita. Je, urasmi huo uko wapi iwapo fundi anaweza kukamatwa kwa kuvunja sheria ambayo haikusemwa naye kwa lugha yoyote anayoielewa vyema?

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina maneno ya ufundi. Hoja hii ni kongwe, na neno digadi pekee latosha kuijibu. Asili yake ni neno la Kiingereza lenye maana ya kizuia tope. Wasemaji wa Kiswahili walilisikia likianza kwa ma-, wakalichukua kuwa ni wingi, wakaliita madigadi. Baadaye, walipohitaji kutaja moja, waliiondoa ile ma- na kupata digadi, kana kwamba neno lilikuwa letu tangu jadi na lilifuata ngeli ya jembe na majembe. Hakuna kamati iliyoketi kuamua. Ni mafundi, makuli na madereva waliolikata neno mpaka likaenea mahali pake. Tena walikuwa nayo mali ya zamani ya kuanzia: usukani tunaoushika ndani ya gari ulikuwa wa jahazi kabla ya kuwa wa gari. Lugha iliyoweza kuusafirisha usukani kutoka baharini hadi Yatta haishindwi kueleza kanuni za breki.

Tatizo basi si lugha. Tatizo ni kwamba tumewagawa watu wetu makundi mawili. Wenye mikono wanazungumza Kiswahili na lugha za mama. Wenye vitabu wanaandika Kiingereza. Na baina yao hakuna daraja. Serikali ilipotoa mwaka 1992 Waraka wa Kikao Nambari 2 kuhusu biashara ndogo na Jua Kali, ilikiri kwamba sekta hii ni nguzo ya uchumi. Mwaka 2014 ilitungwa sheria iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Ufuzu, ambayo miongoni mwa majukumu yake ni kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Hayo ni mema. Lakini mafundi wangapi watapimwa kwa haki ikiwa maswali yanawataka kwanza wajue Kiingereza, ndipo wajue chuma?

Kwa walimu na wanafunzi, suala hili si la mbali. Mwezi Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala unaozingatia umilisi waliingia Gredi ya 10, na miongoni mwa mikondo waliyochagua ni ule wa sayansi, teknolojia na uhandisi, ambao ndani yake mna masomo ya ufundi. Masomo hayo hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Yatta atajifunza kuhusu kipenyo na mzingo darasani, kisha arudi nyumbani ampate baba yake akikata madigadi chini ya mgunga, na asiweze kumweleza alichojifunza kwa sababu hana maneno yake. Elimu isiyovuka kizingiti cha nyumba ya mwanafunzi ni elimu nusu.

Kwa maoni yangu, mambo matatu yanawezekana bila gharama kubwa. Kwanza, wanaosimamia usalama barabarani watoe kijitabu cha Kiswahili sahili, chenye michoro, kinachoeleza mabadiliko yanayoruhusiwa kwenye gari na yasiyoruhusiwa, na kisambazwe katika gereji wala si afisini tu. Pili, upimaji wa mafundi wa Jua Kali ufanywe kwa Kiswahili kwa anayekitaka, kwa kuwa Katiba imekwisha kumpa haki hiyo. Tatu, walimu wa Kiswahili na wale wa ufundi washirikiane. Mwalimu wa Kiswahili awatume wanafunzi gerejini kukusanya istilahi, na mwalimu wa ufundi awaalike mafundi shuleni. Naamini kwamba katika muhula mmoja shule moja tu ya Yatta ingeweza kutunga faharasa ambayo vyuo vikuu vyetu havijaitunga.

Tangu UNESCO ilipoitenga, mwaka 2021, tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tumezoea kuiadhimisha kwa hotuba na ngonjera. Si vibaya. Lakini lugha haikui kwa kusifiwa. Hukua kwa kufanyishwa kazi. Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Ikiwa elimu ya shuleni ni mgeni katika gereji ya Katangi, basi na ije ikizungumza lugha ya mwenyeji.

Niliondoka pale jua likizama. Kabla ya kwenda nilichora kwa chaki, juu ya bati lililokatwa, ile hesabu ya 220 na 242. Fundi aliitazama kwa muda, akaipitisha kidole, kisha akamwambia mwenye gari kwamba kesho, kabla ya kulitoa, watatafuta ukanda wa mpira na kuuliza habari za breki. Maelezo yale yalichukua dakika tano, nayo yalitolewa kwa Kiswahili.